UZI: Redio ilijaza uwanja, luninga ikawafungia watu nje. Habari ya matangazo ya Dodgers

FundiMawimbi (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Uzi huu niliuahidi kwenye ile mada ya watangazaji wa mpira wasiosahaulika. Kila mtu alitaja wake wa enzi za RTD, mimi nikamtaja babu mmoja wa besiboli, mkanicheka hadi nikazima simu. Leo gari langu liko gereji na sina pa kwenda, kwa hiyo nitaandika kwa mafungu. Msiniharakishe.

Ile kofia yenye L na A zilizopandana, mnayoiokota kwenye mtumba Karume na Gikomba, ni ya timu ya Los Angeles Dodgers. Nilifika mji ule 2009, kazi yangu ya kwanza kusambaza vifurushi. Gari nililopewa halikuwa na chochote zaidi ya redio ya AM. Jioni nimekwama kwenye foleni nawasha redio, namkuta mzee anaongea taratibu kama anasimulia wajukuu. Besiboli sikuijua. Kwangu mimi ilikuwa ni watu wazima waliovaa pajama wakipokezana zamu ya kusimama. Lakini yule mzee alinikamata. Nilikuwa nafika nyumbani, nazima injini, nabaki ndani ya gari hadi amalize kisa chake. Ndiye Vin Scully. Wakati huo alishakuwa na zaidi ya miaka 80, na redioni alisikika awamu tatu za mwanzo tu kati ya tisa za mchezo, baada ya hapo unamfuata kwenye luninga.

Ninalotaka kuwaonyesha ni hili: timu hii iliwapa watu mchezo bure redioni, uwanja ukajaa pomoni. Miaka mingi baadaye ikauza picha kwa bei ya kutisha, nusu ya mji na zaidi ikabaki gizani. Nitaanzia Brooklyn, New York, maana Dodgers hawakuzaliwa Los Angeles.

Kijiti

Nimevuta kigoda, tiririka mkuu.

Mama Wawili

Mume wangu anayo hiyo kofia miaka sita. Nikimuuliza LA ni nini ananiambia ni saizi 😂

FundiMawimbi

Mama Wawili, mwache baba wa watu.

Twende. Mechi ya kwanza ya ligi kuu kutangazwa redioni ilikuwa 5 Agosti 1921, kituo cha KDKA, mjini Pittsburgh. Mtangazaji Harold Arlin, Pirates wakawapiga Phillies 8 kwa 5. Baada ya hapo wenye timu wakagawanyika. Kule Chicago, Wrigley wa Cubs aliona redio ni mpiga debe asiyelipwa, akawafungulia milango. New York wakaiona ni mwizi: nani atanunua tiketi wakati mchezo unamfuata hadi sebuleni? Mwaka 1934 timu tatu za mji ule, yaani Yankees, Giants na Dodgers, zikafunga mkataba wa miaka mitano: hakuna kutangaza.

Mwaka 1938 Dodgers, wakiwa wamezama kwenye deni la benki, wakamleta Larry MacPhail kuiendesha timu. Huyu ndiye aliyewasha taa Cincinnati tarehe 24 Mei 1935, mechi ya kwanza ya usiku ya ligi kuu. Mtu asiyeogopa kuchekwa. Akawaambia wenzake kwamba mkataba ukiisha yeye hayumo. Msimu wa 1939 Brooklyn ikaenda hewani, na wale wawili wakalazimika kufuata nyuma.

MacPhail alimchukua mtangazaji wake wa Cincinnati, Red Barber. Barber alizaliwa Mississippi, akakulia Florida. Fikiria mtu wa kusini, lafudhi ya shambani, anaingia Brooklyn kwenye watu wa fujo na matusi ya uwanjani. Wakampenda. Alikuwa na misemo ya kwao, timu ikiwa na nafasi nzuri anasema imekaa kwenye kiti cha catbird, yule ndege wa kwenye miti, na mji mzima ukaanza kusema hivyo. Mezani aliweka saa ya mchanga ya dakika 3, ile ya kupimia yai la kuchemsha. Mchanga ukiisha anaigeuza na kutaja matokeo. Wakuu, hii peke yake ingetosha kuwafundisha baadhi ya watangazaji wetu. Unawasha redio dakika ya 60, unasikiliza robo saa nzima, unajua rangi ya soksi za kocha lakini hujui ngapi ngapi.

Msee wa Umoja

Buda hapo umegonga penyewe. Swali: timu ikienda kucheza mbali, Barber alikuwa anasafiri nayo?

FundiMawimbi

Swali zuri. Hapana, kukodi laini hadi miji ya mbali kulikuwa na gharama kubwa. Alikaa studio New York. Uwanjani, tuseme St. Louis, kulikuwa na mtu wa telegrafu anayetuma vialama: mpira wa kwanza nje, wa pili kapiga, kakamatwa. Studio mashine inalia tiki-tiki, karatasi inatoka, mtangazaji anaisoma na kuigeuza kuwa mchezo.

Kijiti

Kwa hiyo anatangaza mechi asiyoiona? Si uongo huo?

FundiMawimbi

Wengi walidanganya kweli. Walikuwa na santuri za kelele za mashabiki na vijiti vya kugonga ili isikike kama gongo limepiga mpira. Ronald Reagan, kabla ya sinema na kabla ya Ikulu, alifanya kazi hiyo kituo cha WHO kule Des Moines, akitangaza Cubs wa Chicago. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba siku moja telegrafu ilikatika katikati ya mchezo, ikambidi amfanye mpigaji apige mipira ya kuparaza kwa dakika karibu sita hadi mashine ikarudi. Akaja kuwa Rais. Sisemi kitu.

Barber alikataa. Maikrofoni aliiweka karibu na ile mashine makusudi, msikilizaji asikie tiki-tiki na ajue kwamba haya yanasomwa. Kwake msikilizaji hadanganywi hata kwa jambo la kumfurahisha.

Sasa picha. Tarehe 26 Agosti 1939, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn na Cincinnati, mechi mbili siku moja. Kituo cha majaribio cha NBC kiitwacho W2XBS kikaleta kamera mbili, mawimbi yakirushwa kutoka juu ya jengo la Empire State. Ndiyo besiboli ya kwanza ya ligi kuu kuonekana kwenye luninga. Mji wote wa New York ulikuwa na seti zinazokadiriwa 400, wengine waliangalia kwenye banda la kampuni ya RCA katika Maonyesho ya Dunia. Barber alikaa juu kati ya mashabiki, bila kioo cha kumwonyesha watazamaji wanaona nini. Anakisia kwa kuangalia taa ipi ya kamera inawaka.

Na matangazo ya biashara akayafanya palepale. Alishika sabuni ya Ivory, akavaa kofia ya wauza mafuta wa Mobil, akamimina Wheaties kwenye bakuli, akakata ndizi, akatia maziwa, kamera ikimwangalia. Brooklyn walipoteza ya kwanza 5 kwa 2, wakashinda ya pili 6 kwa 1.

Bibi Kalamu

Mleta uzi, nakusoma kimya kimya tangu asubuhi. Hiyo timu si ndiyo ya Jackie Robinson? Huyo Barber wa Mississippi alilipokeaje?

FundiMawimbi

Shikamoo bibi. Ndiyo yenyewe. Ligi kuu wakati huo ilikuwa ya wazungu tu. Branch Rickey, aliyekuwa akiongoza timu baada ya MacPhail, alimwita Barber mezani 1945 akamwambia siri: nitamleta mchezaji mweusi. Barber alitoka pale kichwa kinamuuma. Alienda nyumbani akamwambia mkewe Lylah kwamba anaacha kazi. Mama yule akamjibu kwa hekima kwamba si lazima uache usiku huu, tunywe kinywaji kwanza. Baada ya kulitafakari akaona kwamba kazi yake ni moja tu, kueleza kinachotokea uwanjani.

Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia, na Barber akamtangaza kama alivyomtangaza mwingine yeyote: kapiga, kakimbia, kafika. Hakuweka chumvi wala hakupunguza. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba Robinson alimfundisha yeye zaidi ya alivyomsaidia. Mimi nikifikiria wazungu wa kusini waliosikia ile lafudhi ya kwao ikimtaja Robinson bila kukunja uso, naona ilifanya kazi ambayo hotuba isingeweza.

Mwaka 1948 kikatokea kituko. Barber akaugua vidonda vya tumbo, akaanguka kazini. Brooklyn wakamtaka kijana Ernie Harwell aliyekuwa akitangaza timu ya daraja la chini ya Atlanta Crackers. Mwenye Crackers akasema yuko kwenye mkataba, mkimtaka nipeni mdaka mpira. Brooklyn wakatoa mdakaji wao Cliff Dapper. Mtangazaji akabadilishwa na mchezaji.

Baharia Mstaafu

Hii sasa ni chai mkuu. Tena ya tangawizi.

FundiMawimbi

Si chai, Baharia. Katafute. Harwell baadaye alitangaza Detroit Tigers misimu zaidi ya 40. Yeye na Dapper hawakuwahi kuonana uso kwa uso hadi mwaka 2002, siku sanamu ya Harwell ilipozinduliwa Detroit. Miaka 54 mtu hujamwona uliyebadilishana naye!

Baharia Mstaafu

Nimekagua. Nakunywa maneno yangu bila sukari.

FundiMawimbi

Harwell alipohamia Giants mwishoni mwa 1949, Barber alihitaji mtu mwingine. Hapo ndipo anaingia Vin Scully, mtoto wa Bronx, nywele nyekundu, ndiyo kwanza ametoka chuo cha Fordham. Alipokuwa na miaka minane hivi, redio ya kwao ilikuwa kabati kubwa la miguu minne. Alikuwa anatambaa chini yake na mto na bilauri ya maziwa, analala kichwa kikiwa chini ya spika, anasikiliza kelele za umati wa mechi za vyuo ambazo hazikumhusu. Alisema kelele zile zilikuwa zinammwagikia kama maji.

Novemba 1949 Barber alimtuma Boston kutangaza mechi ya futiboli ya Marekani kwa redio ya CBS. Kijana akadhani atakaa ndani, koti akaliacha hotelini. Akapangiwa paa la uwanja wa Fenway Park, baridi, upepo, waya mrefu mkononi anatembea nao juu ya paa kufuata mpira. Alitangaza mechi nzima bila kugusia hata mara moja kwamba anaganda. Barber alipokuja kujua mazingira yalivyokuwa, akasema huyu namtaka. Msimu wa 1950 akaanza Brooklyn, miaka 22. Angeendelea hadi 2016. Misimu 67, timu moja.

Barber mwenyewe aliondoka vibaya. Wadhamini wa fainali za 1953, Gillette, walimtajia dola 200 kwa mechi, uchukue au uache. Akaacha, na mwenye timu Walter O'Malley hakumtetea. Scully akiwa na miaka 25 ndiye aliyekaa kwenye kiti kile, mdogo kuliko wote waliowahi kutangaza fainali. Barber akahamia Yankees. Na huko nako, 22 Septemba 1966, siku ambayo watazamaji waliolipa walikuwa 413 kwenye uwanja wa makumi ya maelfu, aliomba kamera ionyeshe viti vitupu. Wakamkatalia. Yeye akasema hewani kwamba habari ya leo ni hivyo viti. Haikupita wiki nyingi akaambiwa mkataba haurefushwi. Ile mashine ya tiki-tiki hadi mwisho, msikilizaji hadanganywi.

Mama Wawili

Nimempenda huyu Barber kuliko huyo Scully wako. Endelea, wanangu wamelala.

FundiMawimbi

Scully alimwita mwalimu wake hadi anakufa, kwa hiyo hamjagombana.

Mwishoni mwa 1957 O'Malley aliihamishia timu Los Angeles. Brooklyn hawajamsamehe mpaka leo. Uwanja wa besiboli haukuwepo, ikabidi wachezee Memorial Coliseum, uwanja wa Olimpiki ya 1932. Tarehe 18 Aprili 1958 waliingia watu 78,672. Shida ni kwamba ule si uwanja wa besiboli. Ukikaa safu za juu upande wa pili, mchezaji unamwona kama siafu na mpira huuoni kabisa. Watu wengi walikuwa hawajawahi kuona mechi ya ligi kuu, timu hawaijui, majina hawayajui.

Wakaja na redio za transista. Yaani mtu amelipa tiketi, yuko ndani ya uwanja, mechi iko mbele yake, na bado anamsikiliza Scully amwambie anachokiangalia. Maelfu kwa maelfu. Mafundi mitambo walisumbuka kwa sababu sauti ya Scully kutoka jukwaani ilikuwa inarudi kwenye maikrofoni yake mwenyewe. Sisi tuliokulia vijiweni tunaelewa, mtu yuko uwanjani na redio sikioni ili athibitishiwe kwamba aliyefunga ndiye.

Siku moja 1960 Scully akagundua mwamuzi Frank Secory ana sikukuu ya kuzaliwa. Akawaambia wasikilizaji, nikihesabu tatu wote mwambieni heri. Moja, mbili, tatu. Uwanja ukapasuka: heri ya kuzaliwa, Frank! Wachezaji wakaduwaa, mwamuzi wa watu akabaki anatazama huku na huku.

O'Malley alikuwa mchoyo wa picha. Miaka ya mwanzo Los Angeles, alichoruhusu kwenye luninga ya KTTV kilikuwa mechi za ugenini za San Francisco dhidi ya mahasimu Giants, basi. Redioni kila mechi, bure, na kuanzia 1960 ilikuwa KFI yenye wati 50,000, inasikika hadi majangwani. Mji wenyewe ni wa magari, watu wako barabarani masaa, kila gari lina redio. Wale waliosema mwaka 1934 kwamba redio itamaliza tiketi? Mwaka 1978 Dodgers wakawa timu ya kwanza kuvuka watazamaji milioni 3 kwa msimu mmoja.

Kampala Road

Banange, uzi umenoga. Mimi niko Uganda, huku besiboli tunacheza. Hao Dodgers walisaini vijana wetu wawili Januari 2022, Ben Serunkuma na Umar Male. Lakini habari za watangazaji hatukuwahi kuambiwa. Na wale Walatino wa Los Angeles walisikiliza nini? Kiingereza?

FundiMawimbi

Kampala Road, ahsante kwa hilo, ndiyo kamba yetu na timu hii.

Na swali lako ndilo lililonifanya niandike. Tangu 1958 Dodgers walikuwa na Kihispania kwenye kituo cha KWKW. Wa kwanza alikuwa René Cárdenas, mtu wa Nikaragua. Mwaka uliofuata akaongezwa Jaime Jarrín kutoka Ekwado. Jarrín alizaliwa Cayambe, akaanza utangazaji akiwa kijana Quito, akafika Marekani 1955 akiwa hajawahi kuona besiboli. Kama mimi! Akaomba muda ajifunze kabla ya kwenda hewani.

Na alijifunzaje? Timu ikiwa ugenini hawakusafirishwa. Walikaa studio na visikizio masikioni wanamsikiliza Scully kwa Kiingereza, na papo hapo wanatoa Kihispania. Miaka kadhaa hivyo. Mnaona, telegrafu ya Barber imerudi, safari hii mashine ni Scully. Wewe unayefanya ukalimani wa mikutano unajua mzigo huo: sikio linapokea sentensi ya pili mdomo ukiwa bado kwenye ya kwanza. Jarrín alisema Scully alimsaidia sana, anampa mapema vidokezo vya ziada ili asikwame.

Tangu 1962 hadi 1984 hakukosa mechi hata moja.

Halafu 1981 akatokea Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Etchohuaquila, Sonora, Meksiko. Mrushaji, mnene kidogo, anatazama mbinguni kabla ya kurusha. Alianza msimu kwa ushindi 8 mfululizo, tano kati ya hizo wapinzani hawakupata hata alama. Kiingereza hajui. Mkalimani wake kwa waandishi wa habari akawa Jarrín. Familia za Wameksiko ambazo ziliichukia timu hii zikaanza kuja uwanjani.

Kwa nini ziliichukia? Kwa sababu bonde la Chavez Ravine, ulipojengwa Dodger Stadium uliofunguliwa 1962, lilikuwa makazi yao. Mji uliwaondoa kwa ahadi ya nyumba za umma ambazo hazikujengwa, na waliobaki wakaburutwa nje mwaka 1959. Hilo halifutwi na redio. Lakini sauti ya Kihispania iliyokuwa ikiingia jikoni kila jioni kwa miaka zaidi ya 20 ndiyo iliyomkuta Fernando njiani. Miaka ya baadaye Fernando mwenyewe akaingia kwenye kibanda cha utangazaji na Jarrín. Jarrín amestaafu 2022, Fernando amefariki Oktoba 2024, siku chache kabla ya fainali.

Bibi Kalamu

Hapo kwenye kuburutwa umenikumbusha mambo. Haya, endelea mwanangu.

FundiMawimbi

Nipitie haraka moja, maana nikiinyamazia nitajilaumu. Tarehe 9 Septemba 1965, Sandy Koufax anarusha dhidi ya Cubs. Wapigaji 27 wanakuja, 27 wanarudi, hakuna hata mmoja anayefika hata kituo cha kwanza cha mbio. Mchezo kamili. Luninga haikuwepo, tulichobakiwa nacho ni sauti ya Scully ya awamu ya tisa. Katikati ya kutangaza alikuwa anataja saa, ili Koufax akisikiliza kanda uzeeni ajue wakati gani ilikuwa. Alisema uwanjani kuna watu 29,000 na vipepeo milioni. Mpigaji wa mwisho akakosa, Scully akanyamaza. Sekunde zaidi ya 30, umati tu. Kisha kwa utulivu: ni saa 3:46 usiku katika mji wa malaika. Yule mtoto aliyelala chini ya redio kusikiliza kelele, ameshakuwa mtu mzima anayejua kuwapisha wenye kelele.

Alifanya hivyo tena Atlanta, 8 Aprili 1974, Hank Aaron alipopiga homurani (pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja) ya 715 na kumpita Babe Ruth. Aliacha umati useme, kisha akasema maneno ambayo nayatafsiri mwenyewe: mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, huku kusini kabisa, kwa kuvunja rekodi ya kipenzi cha besiboli cha zama zote.

Msee wa Umoja

Hio ya kunyamaza ni kali. Sasa tupatie hiyo ya luninga, kichwa cha uzi kinatudai.

FundiMawimbi

Haya, deni ni deni.

Kulipia picha si wazo jipya. Julai 1964 kampuni ya Subscription Television ilianza kupeleka mechi za Dodgers majumbani kwa waya, unalipia unachoangalia. Wenye majumba ya sinema wakapiga kampeni kali, Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa California wakaipiga marufuku luninga ya kulipia. Mahakama kuu ya jimbo ikaja kuitupa sheria hiyo 1966, kampuni ikiwa imeshakufa.

Turuke hadi 2011. Mwenye timu Frank McCourt amefilisika, ana kesi ya talaka, tumaini lake ni mkataba wa luninga na Fox. Kamishna wa ligi Bud Selig akaukataa, na siku chache baadaye timu ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mwaka 2012 kundi la Guggenheim likainunua kwa dola bilioni 2.15. Watu wakasema wamepigwa. Hawakupigwa. Januari 2013 wakatangaza mkataba na Time Warner Cable: miaka 25, dola bilioni 8.35, chaneli ya timu yenyewe, SportsNet LA.

Chaneli ikaanza 2014. Time Warner wakataka kampuni nyingine za vingʼamuzi ziwalipe zaidi ya dola 4 kwa mwezi kwa kila mteja, anayetazama na asiyetazama. DirecTV wakagoma, na wengine wakagoma. Takriban asilimia 70 ya nyumba za eneo la Los Angeles zikakosa picha.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Kampuni yangu, siitaji, niliipigia simu mara nne, kila mara nikaambiwa mazungumzo yanaendelea. Tarehe 18 Juni 2014 Clayton Kershaw aliwanyima Colorado hata pigo moja la maana, akawatoa wapigaji 15 waliokosa mpira kwa gongo. Mmoja wa michezo mikubwa kuwahi kurushwa na mtu wa timu hii, Scully ndiye anayetangaza, na sehemu kubwa ya mji wake haimwoni. Nilikaa ndani ya gari, redio ya AM, kama 2009.

Mambo hayo yakaendelea msimu baada ya msimu, na Scully yuko ukingoni mwa safari. Kwa msimu wake wa mwisho, 2016, waliona aibu kidogo, wakaruhusu mechi zake sita za mwisho zionekane bure kwenye chaneli ya KTLA. Sita! Kati ya misimu 67. Tarehe 25 Septemba akaaga nyumbani, Charlie Culberson akapiga homurani awamu ya 10 na kuipa timu ubingwa wa kanda, mzee akiwa hewani. Tarehe 2 Oktoba akafunga kazi San Francisco. DirecTV wakafungua chaneli 1 Aprili 2020. Corona ilikuwa imeshasimamisha msimu, hapakuwa na mechi ya kuonyesha. Scully alifariki 2 Agosti 2022, miaka 94.

Baharia Mstaafu

Mkuu nakupinga kwa heshima. Bila hizo bilioni 8 wangempata Shohei Ohtani kwa dola milioni 700? Ubingwa wa 2020, 2024, 2025 umetoka wapi kama si kwenye hela ya luninga? Shabiki anataka kombe au anataka hadithi?

FundiMawimbi

Baharia, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Mkataba ule ndio mgongo wa timu hii, na Ohtani mwenyewe ameleta Wajapani wanaoamka asubuhi kuangalia Dodgers kupitia NHK, shirika la utangazaji la Japani. Lakini angalia mashabiki wanaojaza uwanja ule leo, wazee kwa wajukuu. Wengi walirithi timu kutoka kwa bibi aliyekuwa na redio jikoni. Mtoto aliyekuwa na miaka saba 2014, nyumba yao haina chaneli, akawa na miaka 13 ndipo ikafunguka. Huyo amerithi nini?

Baharia Mstaafu

Amerithi simu na vipande vya dakika mbili. Na anaijua timu kuliko wewe.

FundiMawimbi

Inawezekana. Hapo sina jibu, ngoja nikamwulize mwanangu.

Bibi Kalamu

Redioni bado wanatangaza?

FundiMawimbi

Kila mechi, bibi. AM 570 kwa Kiingereza, na Kihispania kipo. Mechi ya jioni kule, saa 1:10 usiku, kwenu ni saa 11:10 alfajiri.

Mama Wawili

Saa 11:10 mimi niko jikoni nachemsha uji wa wanafunzi. Wanaongea taratibu kama ulivyosema, au nitapigiwa kelele?

FundiMawimbi

Taratibu tu, Mama Wawili. Uji hautamwagika.